Kisu Kilichobebeshwa Kosa la Upanga

Kisu cha kukunja kiitwacho higonokami hakina mengi. Mpini wake ni bati la chuma au la shaba ya njano lililokunjwa katikati. Ubapa umeshikizwa kwa ribiti moja, na kwenye shina lake umetokeza kijimkia. Ukikibonyeza kijimkia kwa kidole gumba, makali yanatoka. Hakina springi wala komeo. Kinachokizuia kisikufungie vidoleni ni kidole gumba chako mwenyewe.

Kilizaliwa miaka ya 1890 huko Miki, mji wa wahunzi katika mkoa wa Hyogo, Japani. Ngome ya Miki ilizingirwa na jeshi la Hideyoshi tangu 1578 hadi 1580, na mji ulipojengwa upya walikuja maseremala, na nyuma yao wafuaji wa misumeno na patasi. Kwa hiyo ufundi ulikuwepo siku nyingi. Kilichobadilika ni zama: mwaka 1876 serikali ya Meiji iliwakataza samurai kutembea na panga viunoni. Husimuliwa kwamba mfanyabiashara wa Miki alirudi na kisu kidogo kutoka kisiwa cha Kyushu, akawaomba wahunzi wafue mfano wake. Wanunuzi wengi walikuwa hukohuko Kyushu, upande wa Higo, ambao leo ni Kumamoto. Ndipo kikapewa jina la higonokami, yaani liwali wa Higo. Cheo cha wakubwa waliovaa panga kikagongwa kwenye mpini wa kisu cha bei ya chini.

Wenyewe hasa wakawa watoto. Walichongea penseli darasani, wakachongea mianzi ya kutengenezea vitu vya kuchezea. Sisi tuliochonga penseli zetu kwa wembe tunaijua shule hiyo: unajifunza kusukuma makali yaende mbali nawe, na unajifunza kwa kujikata. Lakini wembe ukiwa butu hutupwa, ilhali higonokami hunolewa. Mtoto aliyetaka makali ilimbidi alijue jiwe la kunolea.

Tarehe 12 Oktoba 1960, jukwaani katika ukumbi wa Hibiya, Tokyo, kijana wa miaka 17 alimchoma Inejiro Asanuma, mwenyekiti wa Chama cha Kisoshalisti, akamuua mbele ya kamera. Silaha ilikuwa upanga mfupi. Hata hivyo, nchi nzima ikaingiwa na hofu ya kijana mwenye makali mkononi, na kampeni ya kuwanyang'anya watoto visu ikashika kasi. Upanga uliua, kikaadhibiwa kisu cha penseli. Vichongeo vya mashine vikachukua nafasi yake mezani, na katika kazi za karatasi tayari kulikuwa na kisu cha ubapa wa kuvunjwa vipande, kilichobuniwa Osaka mwaka 1956. Wahunzi wa Miki wakafunga karakana, mmoja baada ya mwingine. Leo imebaki karakana ya ukoo mmoja, Nagao, yenye haki ya kugonga jina hilo.

Cha ajabu, umbo lenyewe limesambaa. Wabunifu wa Ulaya na Marekani wanatengeneza visu vya kukunja vyenye kijimkia kilekile, safari hii kwa titani na chuma kisichoshika kutu, na vingine ni ghali mno kumpa mtoto. Umbo hilo lina faida yake hata kisheria: Uingereza, sheria ya 1988 inaruhusu mtu kubeba hadharani, bila kutakiwa kutoa sababu, kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, na mahakama zimeamua kwamba kisu kinachojifunga kwa komeo kikiwa wazi hakimo katika ruhusa hiyo.

Siwalaumu wanaoiga. Wahunzi wa Miki nao walianza kwa kuiga. Ila waliiga kitu cha kazi, wakakirudisha kazini. Vingi vya leo vinanunuliwa kwa uzuri, vikakaa sandukuni vikipakwa mafuta. Kijimkia kipo, ribiti ipo. Kilichopungua ni mtoto wa miaka minane mwenye penseli butu, na mtu mzima aliye tayari kumwachia kisu, akijua kwamba komeo pekee ni kidole gumba cha mtoto huyo.