Gitaa Moja na Waya Mrefu

Mugithi, kwa Kikuyu, ni gari la moshi. Jina hilo linatokana na dansi yenyewe: watu wanashikana mabegani na foleni inazunguka baa kama mabehewa. Reli ilifika Thika mwaka wa 1913, lakini mugithi tunayoijua sisi wa Thika na Ruiru, ya mtu mmoja, gitaa moja na midundo iliyopikwa tayari kwenye kinanda, ilishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1990, na ukiitaja jina la Mike Rua halikosi kutokea. Bendi nzima ikabanwa ndani ya mtu mmoja. Mpiga drama akaenda zake, mpiga besi vilevile, na ampu, ile spika nzito ya gitaa, ikabaki nyumbani. Gitaa likaanza kuchomekwa moja kwa moja kwenye mikseri ya baa.

Hesabu yake inaeleweka. Mwenye baa analipa mtu mmoja badala ya sita, na mwanamuziki anafika kwa boda na gitaa mgongoni. Lakini ampu haikuwa ya kelele tu. Kuna kazi nyingine ilikuwa inafanya kimyakimya, na ilipoachwa nyumbani kazi hiyo ilibaki bila mwenyewe. Siku hizi inafanywa na kisanduku cha chuma kisichozidi nusu mkate, ambacho wanamuziki wanakiita DI boksi. Nimepiga besi vya kutosha kwenye studio za vyumbani, Kihunguro hadi Makongeni, na nimeona watu wakitumia pesa nyingi kwa maiki na spika huku kisanduku hiki kikisahaulika. Wengine nao wanauziwa cha bei mbaya wasichokihitaji.

Tuanze na shida yenyewe. Pikapu ya gitaa la umeme ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Umeme unaotoka hapo ni mnyonge mno. Kama umewahi kuishi kwenye ploti yenye tangi moja, mambo haya unayajua: jirani wa chini akifungua bomba lote, wewe wa juu unabaki na matone. Ampu ya gitaa hufungua bomba kidogo sana. Mlango wake una ukinzani wa kama ohm milioni moja, kwa hivyo pikapu haichoki. Mlango wa maiki kwenye mikseri una ohm elfu mbili hivi. Huo ndio jirani wa chini. Ukichomeka gitaa hapo, sauti inafifia, na za kwanza kupotea ni zile za juu, zinazofanya kidole kisikike kikigusa uzi.

Waya nao unakula sehemu yake. Waya wa kawaida wa gitaa ukizidi mita sita hivi unaanza kupoteza makali na kuokota kila mngurumo wa friji na taa. Waya wa maiki, ule wa pini tatu, unabeba sauti mara mbili, nakala moja ikiwa kinyume cha nyingine. Kelele ikiingia njiani inaingia kwa zote mbili sawasawa, na mikseri ikizilinganisha mwishoni, kelele inajifuta. DI boksi ndiyo inayohamisha gitaa kutoka waya wa kwanza hadi wa pili, na kumzuia yule jirani asimalize maji.

Zamani hapakuwa na haja ya kitu kama hicho. Hugh Tracey alipomrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Kongo, mwaka wa 1952, gitaa lilikuwa kavu, na maiki ndiyo ilifanya kazi. Umeme ulipofika, akina Fundi Konde wakiwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kujulikana kwa gitaa la umeme, njia ya kawaida ilikuwa kuweka maiki mbele ya ampu. Hiyo inataka ampu nzuri, maiki nzuri na chumba kizuri, yaani inataka pesa mara tatu.

Mahali pamoja palipobadilisha mambo ni nyumba ya kawaida tu mjini Detroit, Marekani, ambayo kampuni ya Motown iliigeuza studio kuanzia 1959. Chumba kilikuwa kidogo na wanamuziki walikuwa wengi. Ampu zote zingenguruma humo kwa pamoja, maiki zingeokota ugali na mboga bila kutofautisha. Mafundi wao wakaanza kupeleka magitaa na besi moja kwa moja mezani kupitia transfoma, na besi ya James Jamerson ikasikika safi duniani kote. Mjini London, studio za Abbey Road zilifanya vivyo hivyo na besi ya Paul McCartney mnamo Februari 1967, zikiwa na pesa za kununua ampu yoyote. Kwa hivyo anayerekodi bila ampu chumbani Membley asidharauliwe. Njia anayotumia ilitumika kwenye nyumba ya kawaida vilevile.

Kwa nini nikomalie jambo hili? Joseph Kamaru, mwanamuziki mkubwa wa Kikuyu kutoka Murang'a, alifariki mwaka wa 2018. Mjukuu wake, anayejulikana duniani kama KMRU, amekuwa akizitoa upya kazi za babu yake. Kazi ya namna hiyo inawezekana kwa sababu kuna kilichohifadhiwa. Mtaalamu anaweza kupunguza mikwaruzo na kusafisha vumbi, lakini sauti ambayo haikuingia siku ya kurekodi hana pa kuitoa. Mugithi ya leo ikirekodiwa kwa gitaa lililonyongwa mlangoni, wajukuu wetu watasikia gitaa lililonyongwa, na watadhani ndivyo tulivyopiga.

Sasa tuje kwenye mfuko. DI boksi haiongezi utamu. Inazuia hasara, basi. Thamani yake ni hasara ngapi inazuia kwa shilingi ulizotoa, kwa hivyo swali la kwanza ni gitaa lako linapoteza nini.

Kama unarekodi nyumbani kwa kompyuta, angalia intafesi yako kabla ya kwenda dukani. Nyingi, Focusrite Scarlett ikiwemo, zina swichi ya "Inst", na hiyo ni DI iliyojengwa ndani tayari. Ukiibonyeza na waya wako ni mfupi, umemaliza. DI ya bei nafuu kuliko zote ni ile uliyonunua bila kujua.

Kama wewe ni wa mugithi, na gitaa lako ni lile lenye betri na vitufe vya sauti ubavuni, gitaa hilo lina nguvu zake. Kinanda pia kina nguvu. Vifaa hivyo vinataka DI isiyotumia umeme, yenye transfoma tu. Behringer DI400P ni ya aina hiyo na ni rahisi. Radial ProDI ni ya aina hiyohiyo ikiwa na mwili mgumu zaidi, na bei inapanda. Kwa baa inayomwagikiwa pombe kila Ijumaa, chuma kigumu kina maana. Kwa chumba chako cha kulala, hakina.

Kama gitaa au besi yako haina betri, transfoma rahisi bado inaweza kuichosha kidogo, maana nyingi za aina hiyo zina mlango wa ohm laki moja na kitu. Hapo tafuta DI inayotumia umeme, yenye mlango mkubwa. Behringer DI100 inakubali betri ya volti 9 au volti 48 zinazotumwa na mikseri kupitia waya wa maiki. Radial J48 inategemea hizo volti 48 pekee, kwa hivyo kama mikseri ya baa haizitoi, umebeba jiwe. Bei ya J48 ni mara kadhaa ya ile ya kwanza. Ni nzuri, lakini ukiwa na nyuzi zilizozeeka, tofauti hutaisikia. Badilisha nyuzi kwanza.

Chochote utakachochagua, hakikisha kina swichi ya kukata ardhi. Hii ndiyo swichi ninayoiheshimu zaidi. Mngurumo mwingi wa baa unatokea vifaa viwili vinapokutana ardhini kwa njia mbili, na mafundi wa haraka huumaliza kwa kukata mguu wa tatu wa plagi. Sisi ambao tumekua tukifungua soketi kwa kalamu ya Biki ili plagi ya miguu miwili iingie hatuoni ajabu. Lakini nyuzi za gitaa zimeungwa na ardhi ya vifaa, na mdomo wako uko kwenye maiki. Tarehe 3 Mei 1972, mpiga gitaa Les Harvey aligusa maiki isiyo na ardhi jukwaani mjini Swansea, Wales, na umeme ukamuua. Swichi ya DI hukata ardhi ya waya wa sauti tu, na ile ya stima inabaki mahali pake. Haitakuokoa na nyaya mbovu za ukutani, ila inakuondolea sababu ya kugusa plagi.

Ukienda Luthuli Avenue, beba gitaa lako na waya wako mwenyewe. Mwambie muuzaji akuchomekee kwenye mikseri bila kisanduku, upige noti moja ya juu, kisha nacho, noti ileile. Kisha bonyeza ile swichi ya ardhi usikie kama mngurumo unapungua. Ukisikia tofauti, lipa. Usiposikia, rudisha kwa upole, ununue nyuzi, na nauli ya kurudi Ruiru ibaki mfukoni.