Podikasti Kabla ya Simu za Mkononi

Historia ya podikasti husimuliwa kana kwamba ni mali ya ng'ambo. Mwaka 2005 Apple ikaziweka kwenye iTunes, 2014 Serial ya Marekani ikazipa umaarufu, kisha nasi tukafuata nyuma. Kwa msikilizaji wa Soweto jijini Mbeya, au wa Iringa, simulizi hiyo inaanzia mbali na inaanza kwa kuchelewa. Mwaka 1973 Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ziliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 nchini walikaa kwa vikundi kuzunguka redio moja, kila kikundi kikiwa na kiongozi na kitabu. Kipindi kikiisha redio ilizimwa na mjadala ukaanza: maji ya kunywa yanatoka wapi, nani hana choo, kitachimbwa lini. Kilikuwa kipindi cha mada moja, chenye mfululizo, kilichoandaliwa kwa msikilizaji anayejulikana, na sifa hizo ndizo podikasti nzuri inazojivunia leo.

Ushahidi mzito zaidi ni Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza kurushwa na RTD Julai 1993. Mhusika wake Mkwaju alikuwa dereva wa lori, mlevi, mwenye wanawake kila kituo, na mwisho UKIMWI ukamuua. Mkewe Tunu alichoka, akamwacha, akaanzisha biashara ndogo. Kwa wakazi wa barabara ya TANZAM, kutoka Iringa kupitia Makambako na Mbeya hadi Tunduma, Mkwaju hakuhitaji utambulisho. Malori kama lake yalilala mlangoni kwao. Watafiti wakiongozwa na Everett Rogers waliutumia mchezo huo kama jaribio. Eneo la Dodoma halikurushiwa hadi 1995, ili lilinganishwe na kwingine. Matokeo yaliyochapishwa 1999 yalionyesha kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kule mchezo ulikosikika kuliko Dodoma. Ni podikasti chache sana za leo, za lugha yoyote, zilizowahi kupimwa kwa ukali huo.

Atakayepinga atasema RTD ilikuwa sauti ya serikali na mwananchi alikuwa na pengine pachache pa kugeukia. Ni kweli, na hakuna haja ya kuutamani ukiritimba ule. Mwingine atauliza mchezo ulisaidia nini, ikiwa utafiti wa 2016 na 2017 bado uliikuta Njombe ikiongoza kwa maambukizi ya VVU kwa asilimia 11.4, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3. Lakini redio haigawi dawa wala haiondoi umaskini wa kando ya barabara. Kazi yake ni kumfanya mtu afikiri na azungumze na mwenzake, na hiyo ilifanyika.

Tukichagua podikasti za Kiswahili za leo kwa kipimo hicho, orodha inakuwa fupi. Kwa afya, Siha Njema ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa. Kwa fedha, Gurudumu la Uchumi ya idhaa hiyohiyo. Anayependa siasa za kanda asikilize Maoni Mbele ya Meza ya Duara ya Deutsche Welle ya Ujerumani, ambamo watu hupingana kwa hoja. Kwa maigizo, Noa Bongo Jenga Maisha Yako, iliyoanza 2008, ndiyo mrithi wa karibu wa Mkwaju, ingawa inahubiri kidogo kupita kiasi. Kwa mahojiano, yupo mtangazaji Salama Jabir katika Salama Na: anauliza kisha ananyamaza, ufundi adimu katika zama hizi za vijana wawili kucheka mbele ya maikrofoni kwa saa nzima. Ila tazama orodha hiyo: sehemu kubwa ni ya mashirika ya Ufaransa na Ujerumani. Hiyo ni aibu yetu, wala si kosa lao.

Utetezi upo, na si wa kupuuzwa. Bando ni ghali. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka mtayarishaji wa maudhui alipe takriban shilingi milioni 2.1 kuanza, ada ambayo baadaye ilipunguzwa. Hata hivyo sauti ni nyepesi kuliko video, na faili moja lililopakuliwa laweza kusikilizwa na kikundi kizima, kama 1973. Vituo kama Ebony FM ya Iringa na Baraka FM ya Mbeya tayari vina watangazaji, studio na wasikilizaji wanaowaamini. Vichague kipindi kimoja tu, cha viazi, cha mahindi au cha bodaboda, vikiandae kwa mfululizo, vikihifadhi mtandaoni kwa tarehe na jina, na msikilizaji wa Soweto aliyekikosa asubuhi akikute jioni.