Kulala ndani ya bivi: maelezo kwa wana wa Pwani wanaopanda Kericho

Kila zikikaribia likizo za Agosti na Desemba, vijana wa hapa kwetu huniuliza swali moja: wakipanda bara kutembea vilima na misitu, ni lazima wabebe hema? Wameona kwenye simu zao kile kifuko kiitwacho bivi, chepesi, cha kuingia mtu mmoja, wanataka kujua kama kitafaa kwa baridi ya Kericho. Jibu langu ni kuwa kinafaa, lakini kwa masharti, na masharti yenyewe hayafanani hata kidogo na kulala ufuoni Diani au Watamu. Nitatumia Chepseon kama mfano, kwa sababu nimelala huko na bivi zaidi ya mara moja, na kwa sababu ndipo mahali ambapo mtu wa Pwani hudanganyika. Ukiangalia chai ilivyo kijani, na barabara ya lami ya kwenda Kericho inapita papo hapo, huoni cha kuogopa.

Kwanza tujue chombo chenyewe. Jina limetokana na neno la Kifaransa, bivouac, yaani kambi ya askari wanaolala nje bila mahema. Bivi ni fuko la kuzuia maji unalolivika juu ya mfuko wa kulalia, ule wenye pamba au sufi ndani. Lile jepesi kabisa halina fito wala kamba; uzito wake ni kama gramu 200 au 300, na ukilikunja linaingia kwenye mfuko wa koti. Lipo pia lenye kifito kimoja kichwani na chandarua, ambalo hukaribia kilo moja. Hema la mtu mmoja la kawaida huwa kilo moja na nusu hadi mbili na zaidi. Kwa anayebeba mzigo mgongoni siku nzima, tofauti hiyo ataihisi magotini.

Lakini bivi peke yake halikupi joto. Wengi hawalijui hili. Linazuia upepo na mvua, basi. Joto linatoka kwenye mfuko wa kulalia na godoro lililo chini yako. Na Chepseon iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kanuni ya hewa ni kuwa kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa digrii 6 na nusu hivi. Piga hesabu mwenyewe: ukiacha usiku wa Mombasa wa digrii 22, huku juu utakutana na 8 au 9, na bado hujatia upepo wala umande. Godoro la sponji ngumu, lile la kukunja kama mkeka, si anasa. Ardhi baridi hunyonya joto la mwili kuliko hewa, na sufi iliyokandamizwa chini ya mgongo haikusaidii kitu.

Mvua nayo ina tabia yake. Nyanda hizi hupata mvua karibu miezi yote, ndiyo maana chai ikastawi. Zaidi huja mchana kuelekea jioni: hewa yenye unyevu ya Ziwa Victoria husukumwa juu ya vilima, ikakutana na upepo wa mashariki, mawingu yakajengeka, na ikifika saa tisa au saa kumi ngurumo zinaanza. Kericho inasifika pia kwa mvua ya mawe, ambayo wakulima wa chai huihofu kuliko jua. Kwa hiyo pahali pa kulala patafutwe kabla ya alasiri. Anayesubiri magharibi atakuwa anatandika ndani ya tope. Desemba hadi Februari ndiyo miezi yenye nafuu. Aprili na Mei mimi nakwambia baki nyumbani.

Sasa tuje kwenye tatizo kubwa la bivi, nalo ni maji yanayotoka kwako wewe mwenyewe. Mtu aliyelala hutoa unyevu kwa pumzi na ngozi, kama robo lita kwa usiku mmoja. Ndani ya fuko la plastiki tupu unyevu huo hauna pa kwenda; hugusa kitambaa baridi, hugeuka matone, na alfajiri unajikuta umelowa ilhali mvua haikunyesha. Vitambaa vya kisasa vilitengenezwa kwa ajili hiyo. Mwaka 1969, Bob Gore wa Marekani aligundua namna ya kuivuta kwa ghafla ile plastiki inayopakwa kwenye vikaango visivyonata, ikawa utando wenye vitundu vidogo mno: mvuke unapita, tone la maji halipiti. Ndiyo asili ya Gore-Tex. Tatizo ni kuwa mvuke hupita vizuri pale hewa ya nje ikiwa kavu kuliko ya ndani, na usiku wa Chepseon ukungu ukishuka, hewa ya nje imeshiba maji. Hata bivi la bei ghali litatoa jasho kidogo.

Dawa yake ni rahisi. Usifunge zipu mpaka juu ukapumulia ndani. Acha uso nje, vaa kofia ya sufi, na juu ya kichwa funga turubai dogo kwa kamba mbili ili mvua isikupige usoni. Turubai la mita mbili kwa tatu linatosha, na ndilo linalokuwezesha kuvua viatu na kuvaa koti bila kulowa. Mimi sioni maana ya bivi bila turubai katika nchi ya mvua. Kabla ya kulala badilisha nguo zote ulizotembea nazo, hata kama unaona zimekauka. Asubuhi futa ndani kwa kikoi kikuukuu, maana kinanyonya vizuri. Na mfuko wa kulalia uwe wa poliesta kuliko wa manyoya ya bata, kwa kuwa manyoya yakilowa hushikana na joto linakwisha. Kongowea, kwenye mitumba, ukivumilia kuchakura utapata mzuri.

Wapi pa kulaza mwili? Si bondeni, kwa sababu hewa baridi ni nzito na usiku huteremka kama maji ikatuama chini. Si kileleni, kwa ajili ya radi. Tafuta mteremko mpole ulio katikati. Usilale chini ya mikaratusi mikubwa, ile inayopandwa kwa kuni za viwanda vya chai. Hukatika matawi bila upepo wala onyo. Kagua pia siafu. Wakipitia fuko lililofungwa zipu na wewe umo ndani, utaijua maana ya haraka.

Ardhi yote ile ina mwenyewe. Mashamba makubwa ya chai yana walinzi, na vishamba vidogo ni vya familia. Msituni, upande wa Londiani au Mau, ruhusa ni ya Shirika la Misitu. Kijijini nenda kwa chifu au mzee wa kijiji kabla jua halijazama, mwamkie kwa "chamgei", jitambulishe umetoka wapi. Aghlabu utaonyeshwa kiwanja nyuma ya boma, na pengine ukaletewa chai ya maziwa. Mtu aliyejificha ndani ya fuko la kijani kwenye shamba la watu usiku hafanani na mgeni.

Kuhusu ibada, mambo matatu. Kibla cha Mombasa tunakijua ni kaskazini takriban moja kwa moja. Chepseon geuka kidogo kulia, kama digrii 11 mashariki ya kaskazini. La pili, usitumie ratiba ya swala ya Mombasa. Jua huchwea huko nyuma ya kwetu kwa dakika kama 10 hadi 25, kufuatana na mwezi wa mwaka, na anayefunga akifuturu kwa saa za Mombasa atakuwa amekula kabla ya wakati. La tatu, weka maji ya moto kwenye flaski usiku. Udhu wa alfajiri kwa maji ya mto kule unatisha, na mwenye flaski hana udhuru wa kuchelewa.

Nimelieka mwisho lile ambalo kwangu ndilo zito. Baridi inaua hata pasipo barafu. Nguo mbichi na upepo katika digrii 10 vinatosha. Dalili huanza kwa kutetemeka, kisha mikono inashindwa kufunga kamba, maneno yanakokota, mwenzio anakuwa mkaidi na mzito. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, msidhani amepona. Hapo hali imekuwa mbaya. Mvueni nguo mbichi, mwingizeni kwenye mfuko mkavu, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari iwapo anaweza kumeza, kisha mpelekeni hospitali. Na kamwe, kwa hali yoyote ile, msiingize jiko la makaa ndani ya hema wala chini ya turubai lililofungwa pande zote. Moshi wa sumu wa makaa hauna harufu, na watu wanalala wasiamke. Anayeona baridi imemzidi abishe hodi nyumba iliyo karibu.

Ukirudi Pwani, lianike bivi kivulini siku nzima kabla ya kuliweka, na usilibane ndani ya kimfuko chake. Litundike kabatini likiwa wazi. Joto na unyevu wa kwetu huozesha ule utando wa ndani. Ukiona umeanza kunata na kutoa harufu ya uchachu, umekwisha na hautengenezeki. Litakufaa kufunikia kiti cha pikipiki.