Mafiga ya Darubini: Habari ya Viweko vya Vyombo vya Kutazamia katika Masasi na Newala

Katika habari za elimu ya nyota sifa zote hupewa kioo. Galileo hukumbukwa kwa bomba alilolielekeza mbinguni mwaka 1609, nalo likakuza vitu kiasi cha mara ishirini. Ni wachache waulizao bomba lile liliwekwa juu ya nini. Walakini kila aliyepata kushika darubini kwa mikono mitupu ajua kwamba chombo kikuzacho nyota mara ishirini hukuza mtetemo wa mkono mara ishirini vilevile. Nyota huruka huku na huku kama cheche ya moto, na mtazamaji huishia kuchoka shingo bila kuona kitu. Kwa hiyo kiweko ni nusu ya darubini. Nusu ya kwanza yataka kiwanda cha vioo. Nusu ya pili yataka mbao, bolti na akili ya fundi. Kisa cha nusu hii ya pili katika nchi ya Masasi na Newala chastahili kuelezwa, maana ni kisa cha watu waliobeba vyombo vya kutazamia kwa muda mrefu kabla ya kuachiwa kutazama.

Masasi yakaa chini, upande wa magharibi wa uwanda wa juu wa Makonde, katikati ya majabali makubwa yaliyoinuka peke yake juu ya nchi tambarare. Newala iko juu, ukingoni kabisa mwa uwanda, mahali ambapo ardhi hukatika na kuteremka kuelekea bonde la Ruvuma. Pale watu wapaitapo Shimo la Mungu jicho hufika mbali sana bila kuzuiwa. Ni nchi mbili zilizo jirani, lakini kwa mwenye chombo cha kutazamia ni mashauri mawili mbalimbali. Masasi ina mwamba imara wa kuwekea miguu ya chombo, lakini majabali huficha sehemu ya anga. Newala ina anga wazi, lakini ardhi yake ni ya mchanga na upepo wake hauna staha.

Vyombo vya kwanza vya namna hiyo vilivyoandikwa habari zake katika bonde hili vilikuja na wasafiri. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka Mikindani, akafuata njia ya Ruvuma kwenda bara, akiwa na sekstanti na saa za kupimia mahali. Msafiri wa bara wa zama zile hakuwa na upeo wa bahari wa kupimia nyota. Hivyo alimimina zebaki katika sinia ndogo, akaifunika kwa vioo ili upepo usiitie mawimbi, kisha akapima pembe baina ya nyota na taswira yake ndani ya zebaki. Sinia ikiyumba, hesabu yote huharibika, na mto huandikwa mahali ambapo haupo. Ramani ya bara ilitegemea uthabiti wa sinia iliyowekwa chini mchangani.

Nayo ramani haikuwa jambo la kupendeza macho tu. Mwezi wa Desemba 1886 Wajerumani na Wareno walipatana kwamba Ruvuma uwe mpaka wa milki zao, na Wamakonde wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile wakajikuta raia wa mataifa mawili ambayo hawakuwa wameyachagua. Aliyekuwa na chombo cha kupimia ndiye aliyeandika, na aliyeandika ndiye aliyegawa.

Miaka ishirini baadaye alikuja mtazamaji wa namna nyingine. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alifika Lindi mwaka 1906, wakati vita vya Maji Maji vilikuwa havijazimika kabisa, akapita Masasi na kukaa Newala. Hakuja kutazama nyota bali watu. Alikuwa na kamera ya picha, chombo cha kupiga picha za sinema, na fonografu ya kunasa nyimbo. Vyote vilitaka kusimama imara, na vyote vilipanda uwanda juu ya vichwa na mabega ya wachukuzi. Upepo wa Newala ulimsumbua kama umsumbuavyo kila mtu awekaye chombo wazi mahali pale. Picha zake zimebaki, na kitabu chake alichokitoa mwaka 1908 chasomwa hata leo. Katika picha hizo wenyeji wako mbele ya kioo. Nyuma ya kioo ni yeye.

Jambo hili lina ajabu yake, kwa kuwa watu waliokuwa mbele ya kioo ndio hasa waliokuwa na ufundi wa kukitengenezea miguu. Mchongaji wa Kimakonde ajua ubao kwa kuugonga na kwa kuunusa. Ajua kwamba barakoa ya mapiko yataka mti mwepesi usiomchosha mchezaji, na kwamba mpingo ni mti mzito na mgumu unaokula makali ya tezo. Ajua ubao mbichi hujipinda ukikauka. Upande wa Masasi, huko Ndanda, Wabenedikto walianza kazi mwaka 1906, na karakana zao zikafundisha useremala wa randa, patasi na kipimo. Ufundi huu ulihesabiwa kuwa sanaa, au kuwa kazi ya mikono. Ni nadra kuhesabiwa kuwa sehemu ya elimu ya kutazama. Kugawanya hivyo ni kosa, na habari za nchi nyingine zathibitisha.

Huko Marekani, kuanzia mwaka 1920, Russell Porter aliwafundisha watu wa mji wa Springfield, katika jimbo la Vermont, kujisugulia vioo na kujiundia viweko; wengi wao walikuwa watu wa karakana za mashine, wala si wanazuoni. Baadaye John Dobson, mtawa wa nyumba ya Vedanta mjini San Francisco, aliunda darubini kubwa kwa vitu vilivyotupwa, akaziweka katika sanduku la mbao lizungukalo juu ya ubao mwingine. Alitolewa katika nyumba ile mwaka 1967, na mwaka uliofuata kikaanzishwa chama cha watu waliosimamisha darubini zao kando ya njia ili kila mpita njia atazame. Siri ya sanduku la Dobson si chuma wala magurudumu ya meno: ni msuguano uliopimwa vizuri, chombo kiende kikisukumwa na kitulie kikiachwa. Seremala wa droo za kabati aijua siri hiyo.

Tanzania, darubini za bei nafuu zilianza kufika mikononi mwa walimu baada ya mwaka 2009, mwaka ambao mataifa yaliuadhimisha kuwa mwaka wa elimu ya nyota. Katika mwaka huo ilitolewa Galileoscope, darubini ndogo ya plastiki yenye kioo cha milimita 50, ikuzayo mara 25, iliyokusudiwa shule. Mwaka 2011 ukaanza mpango ulioitwa Telescopes to Tanzania wa kuwapa walimu vyombo na mafunzo. Lakini Galileoscope haina miguu. Ina nati moja tu tumboni, ya robo inchi, ya kukazia kiweko cha kamera. Bolti ya milimita 6, ambayo ndiyo ya kawaida madukani, huonekana kana kwamba itaingia. Lakini mizunguko yake ni ya kipimo kingine, na mwenye kuilazimisha huharibu nati. Na chombo kisicho na kiweko mwisho wake ni kabatini. Shule yaweza kuhesabiwa kuwa ina darubini, na wanafunzi wake wasiwe wameiona hata Sumbula.

Hapa ndipo fundi wa Masasi au Newala aingiapo katika habari hii. Nati ile haimhusu. Atachonga kihori cha ubao chenye umbo la paa lililopinduliwa, alaze bomba ndani yake, alifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ule ule ufungao mizigo. Chini yake ataweka miguu mitatu, wala si minne. Kila jikoni kuna ushahidi wa jambo hili: mafiga ni matatu, na chungu hakiyumbi hata ardhi ikiwa na mabonde, kwa maana ncha tatu hukaa daima katika usawa mmoja, na ya nne ndiyo iletayo ugomvi. Mbao za mninga uliokauka zafaa, kwa kuwa hazijipindi upesi. Kwa ajili ya upepo wa Newala hutundikwa mfuko wa mchanga katikati ya miguu, karibu na ardhi, na chini ya kila mguu huwekwa kipande cha ubao usizame mchangani. Mchanga uliokuwa adui hufanywa nanga.

Anayetaka kufuata mwendo wa nyota hukutana na shida nyingine, ambayo chanzo chake ni mahali penyewe. Mbingu yaonekana kuzunguka nyuzi 15 kila saa, hata nyota huivuka duara ya Galileoscope kwa dakika kama 6. Ili chombo kiifuate, ekseli yake yapasa kuelekea ncha ya mbingu, nayo huinuka juu ya upeo kwa nyuzi zilizo sawa na latitudo ya mahali. London ni zaidi ya nyuzi 51. Masasi na Newala ni kama 11 tu. Viweko vingi vya Ulaya havikuundwa kushuka chini hivyo. Lakini kabari ya ubao hushuka bila kulalamika: ubao wa sentimita 60 ukiinuliwa upande wa kusini kwa sentimita 11 na nusu, pembe imepatikana, kwa Masasi na kwa Newala pia. Juu ya kabari hiyo chaweza kukaa kiweko cha mbao mbili na bawaba, namna iliyoenezwa na Haig wa Scotland katika miaka ya 1970. Bawaba huelekezwa kusini, ikakaa ukingo wa magharibi. Kisha bolti ya milimita 6, ipandayo milimita 1 kila mzunguko, huwekwa sentimita 22.85 kutoka kwenye bawaba. Ikizungushwa mara moja kila dakika, ubao wa juu huinuka kwa mwendo wa mbingu, na kamera iliyo juu yake hupiga nyota bila kuzivuta kuwa mistari. Bolti iliyokataa kuingia katika nati ya mgeni ndiyo ifaayo kwa kazi hii.

Kusini nako hakuna nyota ang'avu ya kuionyesha ncha, na ile iliyo karibu yake ni hafifu mno, tena iko chini katika ukungu wa upeo. Basi kijiti husimamishwa wima, na kivuli kifupi kuliko vyote vya mchana huonyesha mstari wa kaskazini na kusini. Yapasa kukumbuka tu kwamba katika nchi hii jua hupita utosini karibu na tarehe 21 Oktoba na 21 Februari. Baina ya siku hizo kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini, na katika miezi mingine huelekea kusini.

Tarehe 1 Septemba 2016 nchi hii ilipata mtihani wake. Jua lilipatwa kwa namna ya pete, na watu wengi walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya. Walakini kwa hesabu za wanajimu kilele cha kupatwa kule, dakika 3 na sekunde 6 za pete, kilikuwa kusini zaidi, katika nchi iliyo kati ya Tunduru na Masasi, mara baada ya saa sita ya mchana. Masasi na Newala penyewe zaidi ya sehemu tisini katika mia za jua zilifunikwa. Jua lilikuwa juu sana, kiasi cha nyuzi 70, na huko ndiko viweko hafifu vya kamera hushindwa, bomba likagonga miguu. Kiweko cha mbao kilichochongwa kwa makusudi, na karatasi nyeupe ya kupokea taswira ili mtu asitie jicho kwenye kioo akapofuka, vyatosha kuwaonyesha darasa zima kwa mara moja.

Huenda msomaji akaona kwamba mbao na mipira ya baiskeli ni elimu ya kimaskini. Sinia ya Livingstone haikuwa na fahari kubwa kuliko hiyo, na milki za watu zilipimwa kwa sinia kama ile. Tofauti si katika thamani ya chombo, bali katika swali la nani ajuaye kukitengeneza kikivunjika. Darubini iliyopewa shule pamoja na kiweko cha dukani husimama hadi siku skrubu moja ipoteapo. Ile iliyosimamishwa juu ya miguu ya fundi wa mtaa husimama maadam fundi yupo, na maadam amemfundisha mwingine. Wajukuu wa wachukuzi wa mwaka 1906 hawahitaji kungoja mtu aje na miguu ya chombo kutoka mbali. Miguu imo katika ubao, na tezo i mikononi mwao.