Nasaba ya Zana za Kuchora Takwimu Kabla ya D3

Imekuwa ada miongoni mwa waandishi wa siku hizi, kila wanapoeleza chimbuko la zana za kutengenezea programu za kuchora takwimu, kuanza hadithi yao mwaka 2011, ilipotangazwa maktaba ya msimbo iitwayo D3 kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, kana kwamba kabla ya hapo mtu aliyetaka kuigeuza hesabu kuwa picha kwa kompyuta hakuwa na chombo ila chati chache alizopewa na programu za lahajedwali. Dai hili nimelisikia kwa vijana hodari wa kazi hii, wala sina shaka na ikhlasi yao. Lakini ni dai lisilosimama mbele ya maandiko. Andiko ninalolikusudia hasa ni makala ya Jock Mackinlay iliyochapwa mwaka 1986 katika jarida la ACM Transactions on Graphics, makala ambayo kila mtaalamu huitaja kwa heshima katika orodha ya marejeo yake, na ambayo wanaoifungua na kuisoma hadi mwisho ni wachache.

Ya kale zaidi yanajulikana, nami sitayarefusha: William Playfair alichora biashara ya Uingereza kwa mistari na mihimili mwaka 1786, na karne ya 19 ikajaa ramani na michoro ya vifo, vita na reli. Jambo lililokosekana katika wakati wote huo halikuwa ustadi wa mkono, maana ustadi ulikuwepo tele. Zilikosekana kaida za kueleza kwa nini mchoro huu wasema kweli na ule wapotosha. Kazi ya kuziandika kaida hizo aliibeba Mfaransa Jacques Bertin, bingwa wa ramani wa Paris, katika kitabu chake Sémiologie graphique cha mwaka 1967. Humo alibainisha kwamba alama yoyote juu ya karatasi ina sifa zinazohesabika, nazo ni mahali ilipo, ukubwa wake, weusi na weupe wake, unamu wake, rangi, mwelekeo na umbo. Na kwamba kila sifa ina uwezo wake na mpaka wake. Ukubwa waweza kubeba idadi, kwa kuwa jicho hukiri kwamba duara hili ni kubwa kuliko lile. Rangi haiwezi, kwa kuwa hakuna jicho liwezalo kuapa kwamba nyekundu ni zaidi ya kijani.

Bertin hakuishia katika maneno. Katika maabara yake alitengenezewa ala ya vipande vidogo vilivyopangwa kwa safu za kwenda na za kushuka, kila kipande kikiwa na kiwango chake cha weusi kwa kadiri ya thamani kiliyoibeba, na vyuma vyembamba vikipitishwa ndani yake ili safu nzima ifungwe pamoja, ing'olewe na kuhamishiwa mahali pengine. Mtafiti alisimama mbele ya ala ile akazihamisha safu mpaka weusi ukakusanyika upande mmoja na weupe upande wa pili, na mafungu yaliyokuwa yamejificha ndani ya jedwali yakajitokeza bayana. Ama hiyo ilikuwa zana kamili ya kuchora takwimu, iliyotumiwa kwa mikono, kabla kompyuta haijawa na kioo cha kutosha kuifanya kazi hiyo.

Mackinlay, alipokuwa akisomea udaktari Stanford, alijiuliza swali ambalo Bertin hakulitatua: je, kaida hizi zaweza kuandikwa kwa namna ambayo mashine itazifuata? Jawabu lake likawa programu aliyoiita APT, ambayo hupewa data na kuelezwa ni za aina gani, nayo ikabuni mchoro wenyewe. Alizigawa kanuni zake mafungu mawili. Fungu la kwanza lauliza kama mchoro wasema yale yote yaliyomo katika data, na kama hauongezi yasiyokuwemo. Fungu la pili lauliza, kati ya michoro yote iliyopita mtihani wa kwanza, upi ambao jicho la mwanadamu hulisoma jambo lake kwa usahihi na wepesi zaidi, na hapa alijenga juu ya majaribio ya Cleveland na McGill ya mwaka 1984, waliothibitisha kwamba watu hukadiria mahali alama ilipo juu ya kipimo kimoja vizuri kuliko wanavyokadiria pembe au eneo.

Mfano wake mmoja wanipendeza kupita yote. Alichukua orodha ya motokaa na nchi zilikotengenezwa, akaichora kwa mihimili, kila gari na mhimili wake, na urefu wa mhimili ukiwa ndio alama ya nchi. Mchoro ule, ukiutazama, unakueleza gari la nchi gani, hakuna ulichokificha. Lakini umeongeza uwongo, kwa sababu mhimili wa magari ya Marekani ukiwa mrefu kuliko ya wengine, jicho hudhani kwamba Marekani imezidi kwa jambo fulani, ilhali nchi ni majina tu na majina hayana urefu. Mwanafunzi aliyeufahamu mfano huo amefahamu nusu ya ilmu hii. Mashine ya Mackinlay iliufahamu mwaka 1986, ikaukataa mchoro huo kwa hoja, wala si kwa kuambiwa na mtu.

Kutokana na shina hilo yalichipuka matawi. Leland Wilkinson, aliyekwisha kuunda programu ya takwimu ya SYSTAT, alichapisha The Grammar of Graphics, yaani Sarufi ya Michoro, mwaka 1999, akaonyesha kwamba chati si vitu vya aina mbalimbali bali ni matokeo ya kuunganisha viungo vichache: data, vipimo, alama, majira na mgawanyo, hata chati ya duara, kwa hesabu yake, ni mhimili mmoja uliogawanywa kisha ukakunjwa kwa majira ya duara. Hadley Wickham wa New Zealand aliichukua sarufi hiyo akaijengea ggplot2 ndani ya lugha ya R, mwaka 2007. Stanford nako Chris Stolte, Diane Tang na Pat Hanrahan waliunda Polaris, iliyozaa kampuni ya Tableau mwaka 2003. Na mwaka uliofuata Mackinlay mwenyewe akajiunga nayo. Ziko pia zana za wanasayansi wa maumbo na mawimbi, kama AVS ya mwaka 1989 na VTK ya mwaka 1993, lakini hizo zina historia yake mbali na hii. Ama rai ya wale wasemao kwamba orodha ndefu ya chati zilizo tayari yatosha kwa kila haja, sioni sababu ya kuipa nafasi. Orodha haiwezi kukujibu kwa nini.

Mzozo unaostahili subira yetu ni mwingine, nao ulitokea ndani ya nyumba moja. Jeffrey Heer alitoa prefuse mwaka 2005 kwa lugha ya Java. Akafuatisha Flare, iliyotegemea Flash. Kisha mwaka 2009, pamoja na mwanafunzi wake Mike Bostock, akatoa Protovis, iliyoandikwa kwa JavaScript na kuzifuata kaida za sarufi kwa unyofu: mtumiaji hutaja alama, hutaja sifa zake, na maktaba hufanya mengine. Miaka miwili tu baadaye watu hao hao, pamoja na Vadim Ogievetsky, waliiweka Protovis kando wakaleta D3. Kwa nini waiache kazi yao iliyosifiwa? Walieleza wenyewe kwamba Protovis iliiweka picha yake ndani ya umbo la siri, ambalo kivinjari hakikulijua, na kwa hiyo mtu alipokosea hakuweza kulitafuta kosa kwa vyombo vya kivinjari, wala kuipamba picha kwa mitindo ya kawaida ya kurasa, na mwendo wa picha ulikuwa mzito.

D3 iliondoa pazia hilo. Tuseme ukurasa una vijiduara saba, na data mpya ina mikoa kumi, mitano kati yake ikiwa ni ile ile ya zamani: D3 hulinganisha orodha mbili hizo na kukukabidhi mafungu matatu, vitano vinavyoingia, vitano vinavyobaki na viwili vinavyotoka, nawe waamua kila fungu litendewe nini. Ni fikra ya ufasaha mkubwa. Lakini D3 haina habari na chati, wala haijui kwamba jina halina urefu. Ukitaka kuurudia uwongo wa motokaa za Mackinlay, itakutii bila neno. Waliosema kwamba D3 iliitupa sarufi walilaumiwa kuwa wazito wa kujifunza, nami naona wamedhulumiwa, kwa kuwa waanzilishi wenyewe walirudi kuijenga upya: kikundi cha Heer kilitoa Vega mwaka 2013, kisha Vega-Lite mwaka 2016, ambamo mchoro huandikwa kwa mistari michache inayotaja data, alama na sifa. Mwaka 2018 Dominik Moritz na wenzake wakatoa Draco, ambayo huziandika kanuni za uchoraji kwa mantiki na kuiachia mashine itafute mchoro ulio bora, kazi ile ile ya APT, miaka 32 baada yake. Insafu ni kusema kwamba D3 ni daraja adhimu kati ya data na ukurasa, na kwamba asili ya fani iko kwa Bertin na Mackinlay.

Suala hili latugusa sisi pia. Mwaka huo huo wa 2011 ilipotoka D3, Kenya iliueneza nchi nzima mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, ambao chimbuko lake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, ambao huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki katika kazi yake. Mganga wa wilaya anayeufungua ili achore hali ya chanjo huanza kwa kuchagua aina ya chati katika orodha: mihimili, mstari, duara na nyinginezo. Asilimia za chanjo za wilaya tano haziwezi kuwa vipande vya duara moja, kwani kila asilimia ni ya watoto wa wilaya yake, wala zikijumlishwa hazifanyi kitu kizima. Na uamuzi huo umeachwa mikononi mwa mtu mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni. Msimbo wa mfumo huo uko wazi kwa kila atakaye kuusoma na kuuongeza. Nawasihi wanafunzi wetu wa kompyuta, Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar, waisome makala ya 1986, kisha waiandike kwanza ndani ya mfumo huo kanuni moja tu: kwamba asilimia zisizofanya kitu kizima hazichorwi kwa duara.