Bibi na Bwana katika Njia ya Mtakatifu Yakobo

Tukitaja jina la Mtakatifu Birgitta wa Uswidi, mara tunafikiri mjane: mwanamke aliyekaa Roma, aliyewaonya wafalme na mapapa, aliyeanzisha shirika la watawa wa Vadstena. Ni kweli. Lakini tuhesabu miaka. Birgitta aliolewa mwaka 1316, akiwa na umri wa miaka 13 hivi. Bwana wake Ulf Gudmarsson alikufa mwaka 1344. Yeye mwenyewe alikufa Roma mwaka 1373. Basi alikuwa mke miaka 28, na mjane miaka 29. Nusu ya kwanza inalingana na nusu ya pili, lakini sisi katika mafundisho yetu tunairuka upesi, kana kwamba utakatifu ulimngojea mpaka siku ya kumzika mume.

Katika makala hii tutaangalia safari moja ya nusu ile ya kwanza: hija ya Birgitta na Ulf mpaka kaburi la Mtakatifu Yakobo huko Compostela, katika Hispania.

Kwanza tufahamu hija ilikuwa kitu gani siku zile. Haikuwa matembezi. Mara nyingi mtu alifunga nadhiri mbele ya Mungu, na nadhiri ya kwenda Yeruzalemu, Roma ao Compostela ilihesabiwa nzito sana, hata kuifungua ikawa kazi iliyowekwa kwa Papa. Kabla ya kuondoka mhaji alilipa madeni yake na kufanya wosia, kwani wengi hawakurudi. Padri alimbarikia fuko na fimbo, naye akashika njia.

Sasa, mtu wa ndoa je? Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba watu wa ndoa wamepeana miili yao. Kwa hiyo nadhiri ya mmoja inamgusa mwenzake. Kanisa lililifahamu jambo hilo mapema. Mwaka 1096 Papa Urbano II aliwaandikia watu wa Bologna kwamba vijana wenye wake wasiende Yeruzalemu pasipo wake zao kukubali. Gratianus, aliyekusanya sheria za Kanisa kadiri ya mwaka 1140, alishika neno hilo hilo juu ya nadhiri ya kujinyima: mmoja asiifunge bila ruhusa ya mwingine. Lakini mwaka 1201 Papa Inosenti III, akitafuta askari wa kusaidia Nchi Takatifu, aliwaruhusu waume kushika msalaba hata kama wake zao hawakukubali.

Tazama hatari iliyomo. Mmoja anakwenda kutafuta mbingu, mwenzake anabaki nyumbani na watoto na madeni. Mwingereza Margery Kempe, mama wa watoto 14, alipotaka kwenda Yeruzalemu, alipatana kwanza na bwana wake John mwaka 1413, akalipa madeni yake, kisha akaondoka bila yeye. Alifuata sheria. Lakini njiani alikuwa mwanamke peke yake kati ya wageni, na wenzake wa safari walimcheka na kumtesa sana.

Birgitta na Ulf walichagua namna nyingine: walikwenda wawili. Ulf alikuwa mkubwa wa hukumu katika jimbo la Närke, mtu wa cheo na mali. Walikuwa na watoto wanane, wavulana wanne na wasichana wanne. Katika nyumba yao ya Ulvåsa walikuwa na desturi ya kusali pamoja, na Ulf alijifunza kusoma Masifu ya Bikira Maria. Tena, walikuwa wamekwisha kwenda pamoja Nidaros, katika Norwei, penye kaburi la Mtakatifu Olavo. Hivyo hija ya Compostela ilitoka katika mazoea ya nyumba yao.

Waliondoka mwaka 1341, ndoa yao ikiwa na miaka 25. Kutoka Uswidi mpaka Compostela ni zaidi ya kilometa 2,500, na kurudi vilevile. Ufaransa na Uingereza walikuwa vitani tangu mwaka 1337, nao walipaswa kupita katika Ufaransa. Hata mahali pasipo na vita njia ilikuwa na maadui wake. Kitabu kimoja cha karne ya 12, kilichoandikwa kwa kuwaongoza wahaji, kinawaonya juu ya mito yenye maji mabaya, na juu ya watoza ushuru wakali, na juu ya wenye mitumbwi waliojaza watu kupita kiasi ili wazame, kisha wakawanyang'anya maiti vitu vyao.

Nyumbani bwana mkubwa na bibi yake wanaweza kukaa miaka mingi wakikutana mezani tu, kila mmoja na kazi zake na watumishi wake. Njiani haiwezekani. Mwenye mguu mzima anamngoja mwenye malengelenge, na ugonjwa wa mmoja unawasimamisha wote wawili.

Ndivyo ilivyotokea wakati wa kurudi. Walipofika Arras, kaskazini ya Ufaransa, Ulf alishikwa na ugonjwa mkali, hata ikaonekana atakufa. Birgitta alikaa kando yake akisali. Wenye kuandika maisha yake wanasema kwamba Mtakatifu Dionisi alimtokea, akamwambia kwamba bwana wake hatakufa safari hii. Ulf akapona. Hapo wote wawili wakaahidi kuishi katika usafi tangu siku ile, wakarudi kwao mwaka 1343. Ulf akaingia kukaa katika monasteri ya Wasistersiani ya Alvastra, akafa huko mwezi wa pili mwaka 1344.

Wengine husoma habari hii na kusema: Tazameni, walipoacha mambo ya ndoa ndipo walipoanza kuwa watakatifu. Mimi nasema wamesoma vibaya. Ahadi ya Arras ilikuwa halali kwa sababu wawili walikubali, kama Kanisa lilivyotaka tangu zamani. Na walikubali kwa sababu walikuwa wamezoea kukubaliana: katika sala, katika kulea watoto, katika njia ya Nidaros na ya Compostela. Ahadi ile ni tunda la ndoa yao. Mtu hawezi kusifu tunda na kudharau mti.

Na mjane huyu hakusahau mwendo aliojifunza na mumewe. Mwaka 1349 alikwenda Roma, apate Jubilei ya mwaka 1350. Katika uzee wake alishika njia ya Yeruzalemu, safari hii pamoja na watoto wake. Mmoja, Karl, alikufa Napoli mwaka 1372, mama akaendelea.

Papa Bonifasi IX alimtangaza Birgitta kuwa mtakatifu mwaka 1391, na Papa Yohane Paulo II alimweka kati ya wasimamizi wa Ulaya mwaka 1999. Ulf hakupewa altare. Kwa karne nyingi watu wa ndoa walitangazwa mmoja mmoja, mara nyingi baada ya kuwa wajane ao watawa. Ni mwaka 2001 Luigi na Maria Beltrame Quattrocchi walipoitwa wenye heri pamoja, bibi na bwana siku moja. Na mwaka 2015 Louis na Zélie Martin, wazazi wa Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu, waliitwa watakatifu pamoja.

Ndugu mapadri, nanyi wakatekista, jambo hili linatuhusu. Mara nyingi mke mwenye bidii anakuja kwetu na nadhiri, ao mume anataka kuacha vyote kwa ajili ya kazi ya Kanisa, nasi tunafurahi na kuandika jina lake. Tumwulize kwanza: Mwenzako anasema nini? Asipokuwa na jibu, tumrudishe nyumbani akazungumze naye. Huko ndiko Birgitta na Ulf walikoanzia, miaka mingi kabla ya kushika fimbo.