Sheria ya Kuku katika Mji wa Yerusalemu

Wengi hudhani ya kuwa sheria za kufuga kuku mjini ni mambo mapya. Sivyo, Wayahudi wa kale walikuwa nazo.

Yapata mwaka wa 200 baada ya Kristo, mwalimu wao mkuu, Yuda ha-Nasi, alikusanya mapokeo ya wazee katika kitabu kiitwacho Mishna. Humo imeandikwa kwamba si ruhusa kufuga kuku Yerusalemu, kwa ajili ya vitu vitakatifu. Kila mwenye kuku atafahamu sababu yake. Kuku huchakura jaani, akaokota kipande cha mzoga wa panya au mjusi, akakiangusha po pote. Mizoga hiyo ni najisi kwa Torati; na nyama za sadaka za amani zililiwa humo mjini, hivyo zingeweza kutiwa unajisi.

Basi, yule jogoo aliyewika Petro alipomkana Bwana alitoka wapi? Wako waliotumia sheria hii kusema kwamba Injili imekosea. Lakini Mishna yenyewe yatoa habari ya jogoo aliyepigwa mawe Yerusalemu kwa kuwa aliua mtu. Kwa hiyo majogoo walikuwamo. Tena Warumi waliokaa mjini hawakufungwa na mapokeo ya wazee. Wala sheria kuandikwa si dalili ya kwamba watu wote waliishika. Hilo twalijua hata vijijini kwetu. Na Bwana alipoulilia mji ule alitaja kuku na vifaranga vyake, ndege ambaye wasikiaji wake walimjua sana.

Iko na sheria nyingine katika Mishna: kuku akichakura na kuvunja vyombo vya mtu, mwenye kuku atalipa nusu ya hasara. Hawakusema kwamba kuku hana akili, basi yaishe; wala hawakumtwika mwenyewe hasara yote, kana kwamba yeye ndiye aliyevunja.

Warumi walilibomoa Hekalu mwaka wa 70, na tangu hapo hakuna nyama ya sadaka ya kulindwa. Lakini jirani yupo, na chungu chake, na mchicha wake. Tukifuga kuku, na tuwajengee banda. Nao wakiharibu, tulipe kabla ya kuitwa barazani.